Chumba kinaelezwa, wachezaji wanashika simu: namna ya kueleza mandhari mezani

Swali: Naendesha mchezo wa kuigiza wa mezani kwa kundi la watu watano. Nikiwasomea maelezo ya chumba kama yalivyo kitabuni, wakifika katikati wanaanza kushika simu. Nikiyafupisha, naulizwa maswali ishirini kabla mtu hajapiga hatua. Na mtego ukiwanasa wanalalamika kwamba sikuwaambia kitu. Mandhari yaelezweje ili watu wasikilize, waelewe na wacheze?

Jibu: Malalamiko yako ni matatu ila chanzo ni kimoja. Maelezo yako yanachora picha, wakati wachezaji wanangoja kujua watachagua nini. Katika mchezo wa aina hii, ambapo kila mchezaji anaongoza mhusika wake katika kisa na dadu zinaamua vitendo vyenye shaka, maneno ya msimamizi ndiyo macho na masikio ya wahusika. Usichokitaja hakipo, na ulichokitaja vibaya kipo vibaya. Kwa hiyo anza kuandaa chumba kutoka mwisho: jiulize kwanza wachezaji watakuwa na uamuzi gani mbele yao utakaponyamaza, kisha chagua maneno yatakayowafikisha hapo.

Tuanze na urefu. Aya ya kitabuni imeandikwa kwa ajili ya jicho, na jicho linaweza kurudi nyuma. Sikio haliwezi. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu hushika vitu saba hivi akilini kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba idadi iliyo karibu na ukweli ni vinne hivi. Mezani panapozungumzwa, panapoliwa na panapotafutwa dadu iliyoanguka, hesabu vinne kuwa ndiyo dari. Maelezo ya mwanzo ya mahali papya yasizidi sentensi tano au sita fupi, maneno kama sitini au sabini, nusu dakika hivi. Mengine yatatoka watakapouliza, na kuuliza ni sehemu ya mchezo.

Lakini kufupisha peke yake hakutoshi, kama ulivyojionea. Ukipunguza bila mpangilio, unaondoa mlango na kubakiza nakshi. Tazama chumba kimoja kikielezwa kwa namna mbili. Ni chumba cha chini cha mnara wa taa ulioachwa. Kwanza kwa namna inayowapeleka watu kwenye simu:

"Mnaingia katika chumba cha kale cha kutisha, kilichojengwa miaka mia tatu iliyopita na mafundi wa enzi iliyosahaulika, kwa mawe meusi yenye nakshi za mawimbi na viumbe wa baharini. Taa inayowaka inashuka kutoka juu kwa mnyororo. Hewa ni nzito na mnahisi hofu ikiwatambaa mgongoni. Kuna mapipa ya zamani yaliyojaa vumbi, utando wa buibui, na sakafu ina mafuta. Pia kuna ngazi, na mlango wa chuma."

Sasa namna ya pili:

"Mlango unafunguka kwenye chumba cha duara, upana wake kama hatua kumi na mbili. Kushoto kwenu ngazi za mawe zinazunguka ukuta kwenda juu. Mbele, upande wa pili, kuna mlango mdogo wa chuma, umefungwa. Chini ya ngazi yamepangwa mapipa. Sakafu nzima inateleza, na harufu ya mafuta ya taa inachoma pua. Juu gizani, taa inayowaka inashuka kwa mnyororo, pingili baada ya pingili. Mnafanya nini?"

Hayapishani sana kwa urefu. Kilichobadilika ni mpangilio. Umbo na ukubwa vimetangulia ili kila mtu awe na sehemu ya kuweka vitu vingine kichwani. Njia za kutokea zimefuata mara moja, zikiwa na upande wake, kwa sababu mchezaji asiyejua milango iko wapi hawezi kupanga lolote, na maswali yako ishirini mengi yanatoka hapo. Kisha vitu vinavyoshikika. Kisha hisi moja isiyo ya macho. Mwisho kabisa, kitu kinachosogea.

Kinachosogea huwekwa mwisho kwa sababu ya tabia ya meza yoyote ile: ukitaja hatari, masikio yanafunga. Katika mfano wa kwanza taa ilitajwa kwenye sentensi ya pili, na kuanzia hapo wachezaji walikuwa wanawaza taa huku wewe ukiwasimulia buibui. Mafuta ya sakafuni, ambayo ndiyo yanayoifanya taa iwe hatari, yalipita bila kusikika. Katika mfano wa pili mafuta yametangulia na taa imefuata, basi wachezaji wanaunganisha wenyewe. Usiwaunganishie. Ukisema "mkigundua kwamba taa ikifika chini chumba kitalipuka," umewanyang'anya dakika tamu kuliko zote za chumba hicho.

Mpangilio huu unapinduliwa katika hali moja tu: hatari inapokuwa tayari imewafikia. Jitu linaporuka kutoka darini, sema jitu kwanza, rusheni dadu za kupanga zamu, halafu umalizie chumba kabla ya zamu ya kwanza. Kueleza fenicha huku mtu anakabwa koo kunachekesha, na si kwa uzuri.

Neno "hofu" nalo limeondoka, na si kwa bahati mbaya. Mhusika ni mali ya mchezaji. Msimamizi anaeleza kinachoingia kupitia hisi za mhusika. Anachohisi moyoni na anachofanya ni juu ya mwenyewe. Ukimwambia shujaa mkongwe wa vita kwamba anatetemeka, mchezaji wake atabisha, na ana haki. Mwambie mwali wa mwenge umeanza kuinama kuelekea mlangoni ilhali hakuna upepo. Kama ataogopa, ataogopa mwenyewe. Vivyo hivyo usiwasogeze. "Mnaingia hadi katikati na kukishika kinara" ni sentensi inayozaa nusu ya ugomvi wa mitego. Waache kizingitini, na maelezo yakomee pale macho yanapoanza kuona.

Jihadhari pia na vivumishi vya jumla: kutisha, ajabu, kale, maridadi. Havionyeshi kitu. Nomino mahususi moja inafanya kazi ya vivumishi vitatu: "kiti cha kinyozi" kinajieleza kuliko "kiti cha zamani cha ajabu". Kwa umbali, kama hamtumii ramani, taja hatua, au kitu kinachopimika kwa kitendo: "mnaweza kumfikia kwa mbio moja", "jiwe likirushwa litafika". Kama kuna ramani yenye miraba, taja miraba na uache mita, maana watu watahesabu kwa vidole vyao pale mezani.

Tugeukie mitego, kwa kuwa hapo ndipo penye uchungu. Kila kitu muhimu chumbani kipangie tabaka tatu. La kwanza ni la bure: linaonekana na yeyote aliyefungua mlango. La pili linatolewa kwa anayekaribia, anayeuliza au anayegusa, bila dadu. La tatu ndilo la dadu, kwa sababu linahitaji ujuzi au muda. Chukua yale mapipa. Tabaka la kwanza: mapipa yamepangwa chini ya ngazi. La pili, kwa aliyeinama kuyatazama: matatu yametobolewa chini, na mbao pale palipotobolewa bado nyeupe, yaani ni kazi ya leo. La tatu, kwa aliyerusha dadu na kufaulu: aliyeyatoboa alitumia mkono wa kushoto, na mapipa ya nyuma yana kitu kingine, si mafuta. Mlango wa chuma nao: kwanza umefungwa; ukikaribia, bawaba zina kutu lakini tundu la ufunguo linang'aa; kwa dadu, komeo lake lina sindano ya mtego.

Kanuni ya mitego inatokana na hapo. Kila hatari inayoweza kuua au kujeruhi vibaya iache alama katika tabaka la kwanza au la pili. Alama hiyo si lazima iitwe hatari. Inatosha iwe kitu kisicho mahali pake, kama tundu linalong'aa kwenye mlango wenye kutu. Mtego usio na alama haumfundishi mchezaji chochote isipokuwa kuchokonoa kila kigae kwa fimbo, na kikao kitakwenda kwa mwendo wa konokono mpaka mwaka uishe. Ukiweka alama, malalamiko yanabadilika kutoka "hukusema" kuwa "ningejua!", na hilo la pili husemwa kwa kicheko.

Upande wa pili wa kanuni hiyo: usiweke nyuma ya dadu kitu ambacho bila chenyewe kisa kinakwama. Kama barua iliyo mezani ndiyo inayowapeleka mji wa pili, ipatikane na yeyote atakayetafuta mezani. GUMSHOE, mfumo wa kanuni za michezo ya upelelezi ulioundwa na Robin D. Laws, umejengwa juu ya wazo hilo: mpelelezi mwenye ujuzi unaofaa akitafuta mahali penye kidokezo, anakipata, na mvutano unahamia kwenye kukitafsiri. Huhitaji kuhamia mfumo huo ili kuazima wazo lenyewe.

Na kama unaendesha Dungeons & Dragons ya toleo la 2014, una chombo ambacho wasimamizi wengi wanakisahau: kila mhusika ana kiwango cha umakini kisichorushiwa dadu, yaani 10 jumlisha nyongeza zake za kuchunguza. Viandike vyote vitano kwenye karatasi yako mwanzoni mwa kikao. Ukifika chumbani unajua tayari nani anaona nini, na unaweza kumpa habari mtu mmoja kwa jina la mhusika wake. Kumwambia mtu mmoja "wewe peke yako unasikia pumzi nyuma ya pipa" kunaamsha meza kuliko kuwaambia wote.

Hapohapo angalia mwanga. Katika toleo hilohilo mwenge unatoa mwanga kamili wa futi 20, kama mita 6, na mwanga hafifu futi nyingine 20. Mhusika anayeona gizani, kwa kawaida hadi futi 60, analiona giza kama mwanga hafifu: anachunguza kwa shida na haoni rangi, ila vivuli vya kijivu. Hii si sheria ya kupamba kitabu. Kundi lililozima mienge ili kunyemelea halitajua kama doa la sakafuni ni damu au wino. Ukisema "doa jekundu" umewapa bure walichopaswa kukilipia kwa kuwasha moto. Sema "doa jeusi, bado bichi", uone nani atapiga magoti kunusa.

Maandalizi yenyewe yasikuchoshe. Kwa kila mahali andika mistari mitano hivi: umbo na mwanga, njia za kutokea, vitu vitatu, kila kimoja kikiwa na mshale wa tabaka la pili na la tatu, hisi moja isiyo ya macho, kinachosogea. Usiandike aya. Ukiwa na aya utaisoma, na ukiisoma macho yako yatakuwa karatasini pale hasa unapohitaji kuona nani amepotea. Kwa pointi utaongea kwa maneno yako, na sauti ya mtu anayeongea haifanani na ya mtu anayesoma. Wasikilizaji wanaitambua tofauti hiyo mara moja. Maelezo ya kitabuni yavunje kwa kalamu kabla ya kikao: pigia mstari nomino, futa historia ya jengo, hamishia zimwi mwisho.

Kuna vitu vya kusoma neno kwa neno: barua, maandishi ukutani, kitendawili, unabii, kiapo. Hapo maneno yenyewe ndiyo ushahidi, na ukiyageuza umeharibu fumbo. Hivyo viandike kwenye karatasi na uwape mkononi. Na kuna maumbo ambayo maneno hayayawezi kabisa: vyumba vilivyopitana juu na chini, mashine yenye mikono mingi, mpangilio wa alama. Usishindane nayo, chora. Hili halikuanza leo; Tomb of Horrors, kisa cha kuchezwa katika Dungeons & Dragons, kilipochapishwa mwaka 1978 kilikuja na kijitabu cha picha za kuwaonyesha wachezaji wanapofika mahali fulani. Mchoro wa kalamu wa sekunde kumi, hata ukiwa mbaya, unaokoa dakika tano za "ngoja, ngazi iko upande gani?"

Mapigano yana mahitaji mengine. Chumba kimeshaelezwa, kwa hiyo eleza mabadiliko tu. Kabla ya zamu ya kila mchezaji toa sentensi moja inayobeba tishio lililo karibu naye na nafasi iliyojitokeza: "Zuhali, mlinzi mwenye shoka amekugeukia, hatua mbili, nyuma yake mnyororo wa taa unaning'inia." Sentensi hiyo inamrudisha hata aliyekuwa amesinzia, na inampa njia zaidi ya moja. Usipambe kila pigo. Pamba la kwanza, la kuua, na lile la dadu ya pande ishirini iliyoangukia 20; mengine yapite kwa namba, la sivyo raundi moja itachukua nusu saa. Adui akifika nusu ya alama zake za uhai mpe dalili inayoonekana, kama kuchechemea au kurudi nyuma. Bila hiyo wachezaji hawana namna ya kujua kama waendelee au wakimbie, na hilo nalo litakurudia kama "hukusema".

Kwa watu, mambo matatu yanatosha: anachofanya mnapomkuta, jambo moja la mwili au mavazi linalokumbukika, na anachotaka kutoka kwenu. Orodha ya mavazi kuanzia kofia hadi viatu hakuna atakayeikumbuka. "Mzee anahesabu funguo, anakosea, anaanza upya, hajainua macho" ni mtu tayari.

Sasa yale maswali ishirini. Yasikilize kabla ya kuyalaumu, kwa sababu yanakwambia kilichokosekana. Yakihusu umbali na milango, maelezo yako hayakuwa na umbo. Yakiwa "kuna kitu kingine?", basi ulivyovitaja havikuwa na mshiko: hakuna kilichoweza kusukumwa, kuwashwa, kupandwa au kuibwa. Mchezaji akiuliza kitu ambacho hukukiandika lakini kina akili kuwapo, kama kamba karibu na mapipa, kubali kipo. Tena unaweza kuligeuza swali: "Wewe ni baharia, chumba kama hiki huwa na nini?" Atajenga yeye, na atakitumia alichokijenga. Ila usifanye hivyo kwa vidokezo vya fumbo, kwa sababu anayetafuta ukweli akiambiwa aubuni, fumbo limekufa.

Kuna kosa linalokuja kwa mlango wa nyuma. Maneno mengi ni uzito. Ukikieleza kiti kwa sentensi mbili nzuri, kundi zima litakivunja kiti hicho vipandevipande likitafuta droo ya siri. Likitokea, usiwaache wazame humo kwa dakika ishirini eti ni uhalisia. Waambie wazi: "Mmekichunguza chote, ni kiti tu." Meza haidhuriki kwa kusikia hivyo.

Kwa visa vya kutisha, au vyenye damu na mateso, kubalianeni kabla ya kikao cha kwanza ni mambo gani hayatatajwa kabisa na yapi yatapita nyuma ya pazia. Ndani ya mipaka hiyo, onyesha alama na uzuie chanzo: mlango uliokwaruzwa kwa ndani, sahani nne mezani katika nyumba ya mtu mmoja. Ukimtaja kiumbe mwenyewe mapema wanaanza kuhesabu alama zake za uhai.

Mkicheza kwa intaneti, kwa sauti tu, punguza tena, sentensi tatu hivi, na uandike njia za kutokea na vitu vikuu kwenye sehemu ya maandishi wakati unaongea. Nyuso huzioni, kwa hiyo huwezi kujua nani hajasikia.

Limebaki lile la mtu kutangaza kitendo cha kipumbavu. Akisema "naurusha mwenge chini ili nimuone vizuri yule wa juu," huku sakafu imejaa mafuta, usishangilie wala usitoe dadu. Mhusika amesimama pale na viatu vyake vinateleza. Mchezaji yuko kitini na huenda alikuwa anafungua soda ulipotaja mafuta. Kila kitendo kinapoonekana cha kichaa, rudia kwanza kile ambacho mhusika anakijua bila shaka: "Mafuta yako miguuni mwako, unayanusa. Bado unaurusha?" Akisema hapana, mmeokoa kikao. Akisema ndiyo, washa moto kwa roho safi.